Upande Wake wa Sinia

Hiyo karatasi yenye picha ya sahani mliyopewa chuoni, ikunjeni muitie mfukoni kwanza. Sisemi ni mbaya. Mimi pia nilikuwa nayo. Niliibandika ukutani pale kliniki ya sukari, Amu, yaani Lamu mjini, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama, nikajiona kazi nimeimaliza. Nusu ya sahani mboga, robo wanga, robo samaki au nyama. Mtoto wa chekechea angeelewa. Nikawafundisha wagonjwa wangu wanene miezi mitano mfululizo, na miezi mitano sukari zao zikakaa huko huko juu, hazina habari na mimi. Nikaudhika. Nikawaita wakaidi, na wengine niliwaambia usoni.

Mmevuka maji kuja hapa Mokowe na maembe yenu na mkate wa mofa, mnataka Sista Kavata awape siri ya kazi kabla hamjaharibu watu wa wenyewe. Siri sina, wanangu. Nina makosa mawili. La kwanza mtacheka, chekeni tu. La pili sijawahi kulisimulia mbele ya watu. Nikinyamaza katikati msinijazie maneno, ningojeni.

Mimi ni mtu wa Kitui. Nilipopata barua ya uhamisho mamangu aliuliza kama huko Lamu kuna maji ya kunywa. Nilikuja kwa miaka miwili, nikakaa ishirini na tisa.

Aliyenipokea kliniki ni Bwana Shee, mhudumu wetu wa kupima uzito, mzaliwa wa Amu, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata punda akimkanyaga. Mizani yetu ilikuwa ya mshale, na sakafu ya jengo lile kuukuu imepinda. Ukiiweka hapa mtu ana kilo tisini, ukiisogeza pale ana themanini na nne, na wajanja walijua pa kusimama. Bwana Shee akatafuta kipande cha mbao, akakipiga randa, akakitilia raba chini, kisha akachora alama sakafuni kwa msumari: mizani hapa, siku zote. Buibui livuliwe, viatu vivuliwe, simu na funguo zitoke, na mkono usishike mlango. Mnacheka? Kuna mama mmoja alishika mlango kwa kidole kimoja miaka miwili, nami nikimpongeza. Shikeni hilo la mizani, kwa sababu nambari ya uongo ikishaandikwa kwenye faili huaminiwa kuliko mgonjwa mwenyewe. Na nambari ya kweli pia. Nitaeleza.

Sasa Bi Mwanaesha. Alikuwa mpishi wa harusi. Amu nzima na Pate, mtu akitaka kuozesha alimtafuta yeye kwanza ndipo akamtafuta kadhi. Mnene, mcheshi, sauti ya kuamrisha. Akipita kichochoroni punda hungoja. Nilipomjua alikuwa na miaka hamsini na kitu, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikanyaga kaa la moto jikoni asilihisi. Sukari ilishamtia ganzi nyayo. Alijua ameungua kwa harufu.

Kidonda kilikaa miezi minne kinatoa maji, hakifungi. Daktari wetu akamwambia mbele yangu: sukari ishuke, mwili upungue, la sivyo mguu huu tutaukata juu ya kifundo. Bi Mwanaesha alikaa ghorofani, ngazi za mawe ishirini na mbili, nilizihesabu mwenyewe baadaye nikihema.

"Mpishi wa guu moja hupika nini?" akamwuliza daktari. Daktari akageuka akanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na karatasi ukutani.

Miezi miwili akawa anakuja na sukari ile ile, kumi na saba, kumi na nane, na uzito umeongezeka. Nikamvaa. Nikamwambia, "Bi Mwanaesha, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mtu ana kidonda cha mguu, jamani! Nilikuwa na ulimi siku zile.

Hakukasirika. Alisema polepole, "Sista, mimi robo naila. Sinia letu ni la watu sita. Nashika robo yangu ya wali, siwati hata punje. Siku nyengine hunilemea. Lakini ni amri yako."

Bwana Shee alitoka nje. Nilimsikia anacheka huko uani, na huyo si mtu wa kucheka ovyo. Mimi ilinichukua kitambo kuelewa. Watu sita, sinia moja, kila mmoja na upande wake. Zamani alikula sehemu moja ya sita. Mimi na karatasi yangu tukampandisha mpaka robo, naye akainenepea kwa utiifu.

Bwana Shee aliporudi aliniuliza, "Sista, tangu uye hapa, umekula nyumbani kwa mtu?"

"Nimekula. Chai."

"Chai si kula," akasema.

Ijumaa ile baada ya swala alinipeleka kwa Bi Mwanaesha. Alikuwa mjane, akiishi na binti yake Fatuma, mume wa Fatuma na wajukuu watatu. Mkeka ukatandikwa, sinia likashuka: wali wa nazi, samaki wa kupaka, bakuli la mchuzi. Sahani hakuna hata moja. Nikaona pia jambo jingine. Kila mtu aliyempenda yule mama alimsogezea kitu. Mjukuu kipande cha kiazi, Fatuma konzi ya wali pale ulipokolea tui, mkwe ukoko. Yeye hakuomba. Mapenzi yalimjia kwa mkono, akayala, kwa sababu kuyarudisha ni tusi.

Ungedhani nimejifunza. Wapi! Nikatoa amri: Bi Mwanaesha apewe sahani yake peke yake. Wiki ya pili alikuja kliniki amevimba macho. Wajukuu walikuwa wamemwuliza mama yao bibi kafanya kosa gani. Nyumba zile, mtu hutengewa sahani akiwa na maradhi ya kuambukiza au akiwa amegombana na watu. "Umenitenga, Sista," akaniambia. "Afadhali ulikate hilo guu."

Fatuma ndiye aliyetutoa. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na tano, mwenye akili na maneno machache. Akasema, "Sista, si tumefundishwa tangu utoto kwamba adabu ya kula ni kula kilicho mbele yako? Basi niachie hapo mbele yake."

Akawa anaanza na upande wa mamake kabla ya kupakua kwingine kote. Vikombe viwili vya kahawa vya wali, vile vidogo visivyo na mkono, amevisawazisha kwa kisu. Halafu mchicha, mabenda au mbilimbi za kuchacha, na samaki wa kuchoma mkubwa tu. Kisha ndiyo wengine wanajaziwa pande zao. Sinia ni lile lile, mkeka ule ule, mikono sita inaingia. Na sheria ya nyumba: ukimpenda bibi, msogezee samaki. Samaki ruhusa, wali marufuku. Wale watoto walimsogezea samaki hadi akaomba poo.

Harusini palikuwa na vita vyake. Mpishi huonja kwa kiganja, na Bi Mwanaesha alionja sufuria nne kutoka asubuhi mpaka alasiri. Hakukubali kuacha. Tukapatana aonje chumvi, Fatuma aonje vya sukari. Chai ya rangi isiyo na sukari aliinywa akikunja uso, mwezi mzima, kisha akasema ile ya zamani ilikuwa haina ladha ya chai.

Uzito ukaanza kushuka. Kwenye ubao wa Bwana Shee, pale pale penye alama, kilo moja, kilo mbili, miezi saba kilo kumi na moja. Hakugeuka mwembamba, msidhani. Alibaki mama mnene. Lakini sukari ilitoka kumi na nane ikaja kumi na mbili, ikaja tisa, ikaja saba. Kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu pembeni, kikawa kinajifunga. Nikikisafisha nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Mjini waliimba mengine. Amekonda, ana nini? Kuna waliosema kafanyiwa jambo. Kuna waliosema binti anamnyima. Kuna mama wa bibi harusi aliyempa kazi mtu mwingine, eti mpishi anayepungua mwili hakiamini chakula chake. Hilo lilimuuma kuliko kidonda. Alikaa kwenye benchi langu akalia, nikamwambia, "Waache waseme, mguu ni wako." Hapo nilikuwa sawa.

Sasa la pili.

Nilijivuna. Lazima niliseme hivyo hivyo. Nambari za Bi Mwanaesha zilikuwa nzuri, nikawa namwonyesha kwa wagonjwa wengine, simama Bi Mwanaesha wakuone. Nikifungua faili lake nilitazama mstari unaoshuka, nikaandika "endelea", nikampa vidonge vyake vile vile, kipimo kile kile alichokuwa akimeza alipokuwa na kilo kumi na moja zaidi na sukari ya kumi na nane. Kulikuwa na aina mbili. Moja haina ugomvi sana. Ya pili ni ile ndogo inayolikamua kongosho litoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala. Mnaijua. Nami niliijua. Nilipaswa kumrudisha kwa daktari apunguze. Sikumrudisha, kwa sababu kwenye faili palikuwa pazuri.

Na aliniambia. Hili ndilo linaloniamsha. Aliniambia mara mbili. "Sista, baada ya adhuhuri mikono hunitetema. Ndaa huniya ghafula, jasho, na mato hufanya kiza."

Nikamjibu, "Hiyo ni tamaa ya wali inakutoka. Kunywa maji, vumilia."

Mara ya pili nikamwambia vile vile, tena nikicheka.

Siku ile palikuwa na harusi mtaa wa pili kutoka kliniki. Mwenye shughuli alikuwa amemrudia Bi Mwanaesha mwenyewe, baada ya miezi ya kupitwa, na yule mama alifurahi mno, akaamka mapema, akameza vidonge vyake, akasahau kula kwa shughuli. Karibu na saa sita alianza kusema maneno yasiyo na mpango. Akamtukana mtu, yeye asiyetukana. Wanawake wakaona jasho linamtiririka. Mmoja akaleta glasi ya juisi ya ukwaju, ana kiu, mpeni anywe.

Fatuma akaizuia. Akaishika ile glasi kwa mikono miwili akaimwaga chini. "Sukari hapewi. Sista amesema hata chembe."

Nilikuwa nimesema kweli. Hata chembe. Nilisema mara nyingi, kwa kidole juu.

Bi Mwanaesha akaanguka. Mkono wake wa kushoto ukapiga ukingo wa sufuria ya pilau iliyokuwa motoni ukakaa pale ukiungua, yeye hajitambui, mpaka walipomvuta.

Walinipigia simu nikakimbia. Kichochoro kile cha dakika tatu kilikuwa kirefu kuliko barabara ya kwenda Kitui. Bwana Shee nyuma yangu na sanduku. Nikamchoma kidole: mbili nukta moja. Sikuamini, nikachoma kingine. Hakuwa wa kumeza chochote tena, angepaliwa. Nikatafuta mshipa, nikaupata, nikasukuma glukosi polepole. Nikamwomba Mungu wangu pale chini kwa Kikamba, na wanawake wakimwomba wao kwa sauti, na Fatuma amesimama na glasi tupu. Kisha Bi Mwanaesha akafungua macho akauliza nani ameondoa moto chini ya sufuria ile.

Wote wakalia kwa furaha. Fatuma hakulia. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Hata chembe, ulisema." Akaenda kumfunga mamake leso kichwani.

Hiyo ndiyo... ngojeni.

Haya. Kliniki nilikaa sakafuni karibu na ule ubao wa mizani. Bwana Shee hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alisema, "Sista, mlango wa mti ukifura kwa mvua wausukuma kwa bega ndipo ufunguke. Ukikauka, ukauendea kwa bega lile lile, waingia na uso." Hajasoma, na mpaka leo sijasikia daktari akieleza vizuri zaidi. Mwili ulionenepa hufura. Insulini husukuma, sukari haingii. Mtu akipunguza wanga, akapunguza kilo, hata chache, mlango hukauka. Dawa iliyokuwa ndogo jana leo ni kubwa. Lishe ile mliyoifundisha nyinyi wenyewe ndiyo iliyobadilisha kipimo, na msipolitambua hilo, mtamwangusha mtu aliyewatii. Mkaidi hafiki huko.

Nilimwendea daktari nikamwambia kosa langu lote, nikaliandika kwenye faili kwa mkono wangu. Kile kidonge kidogo kikapunguzwa, baadaye kikaachwa kabisa. Kisha nikapanda zile ngazi ishirini na mbili. Bi Mwanaesha alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji kutoka kiwiko hadi kifundo. Nikamwambia, "Nimekukosea. Wewe ulisema, mimi sikusikia."

"Mimi nalikwambia, Sista," akasema. "Nalikwambia mara mbili."

"Ndiyo."

"Na sasa nikikwambia, utasikia?"

Nikasema nitasikia. Akasema basi keti, mkono unauma, tuanzie hapo.

Kwa hiyo, wanangu, hivi. Mtu anapopungua, mwiteni kabla ya tarehe yake, mrudisheni kwa daktari, dawa zitazamwe upya. Mwulizeni mikono, jasho, njaa ya ghafla, hasira isiyo yake, na akijibu ndiyo, acheni kalamu. Mwambieni yeye na anayempikia: ukitetemeka, sukari ni dawa, vijiko vitatu kwenye maji, upesi, halafu chakula. Hilo lifundisheni siku ile ile mnayofundisha kupunguza sukari, si wiki ijayo. Mwezi wa Ramadhani mzungumze nao mapema, wala msiwakataze kufunga kwa ukali wakawaficha. Na kabla ya kumpangia mtu chakula, ketini kwenye mkeka wake.

Kidonda kilifunga mwezi wa tatu baada ya siku ile. Alirudi jikoni, na mkono wenye kovu uliinua mwiko kwa shida mwanzoni, kisha akazoea. Aliishi miaka kumi na minne mingine. Fatuma alimleta kliniki kila mwezi. Kwangu mimi alikuwa na salamu tu, shikamoo Sista, na kuaga. Mazungumzo yake yote yalikuwa na Bwana Shee. Sikumlaumu. Mimi nilikosea, lakini aliyeimwaga ile glasi ni yeye, na nilijua nani alimtia mkononi neno la kuimwaga.

Mwaka jana Bi Mwanaesha alifariki. Homa ya mapafu, siku nne. Nilikuwa nimeshastaafu, nikapanda boti hapa Mokowe asubuhi nikafika wakati wanamwosha. Mimi ni Mkristo, si mahali pangu pale, nikakaa na wanawake chumba cha nje. Mlango ukafunguka, Fatuma akatoka, mikono ya nguo imekunjwa, imelowa maji. Akatazama watu wote, akanijia mimi.

"Nimemwosha mwenyewe, Sista," akasema. "Miguu yote miwili mizima. Kidonda kilipokuwa, hata kovu nimelitafuta nisilione."

Nikamwuliza tu, "Na mkono?"

"Mkono nimeuosha polepole," akasema.

Walipomzika, majirani walileta chakula. Wanawake tukakaa mikekani, masinia yakashuka. Fatuma alinishika mkono akanitoa nilikojibanza mlangoni, akanipeleka kwenye sinia la nyumba yao, akaniketisha pale alipokuwa akikaa mamake. Wali ulikuwa umeshasawazishwa pale mbele, vikombe viwili, kwa mazoea yake. Akachambua kipande cha samaki, akanisogezea.

Nikala kilichokuwa mbele yangu.